Trafiki wa Mwanzo wa Filamu

Mara ya kwanza mama yangu kumwona baba yangu, baba alikuwa kichwa chini miguu juu, uso mweupe, shati jeusi, na nusu ya mwili wake imeungua. Sitanii. Mama alikuwa amesimama kwenye chumba cha giza cha gazeti, ameshika filamu mbichi inayodondosha maji, na huyo mwanamume alikuwa kwenye picha ya kwanza kabisa, udogo wa stempu.

"Nikajisemea, haya, na huyu naye ni staa wa nini?" Ndivyo alivyokuwa akinisimulia, huku akicheka peke yake kabla hajafika mwisho.

Hakuwa staa wa kitu chochote. Alikuwa trafiki.

Ofisi ya gazeti ilikuwa kwenye njia panda kubwa ya mjini, na ng'ambo ya barabara palikuwa na hoteli ambayo kila mwenye jina lake alishukia hapo: waimbaji, wacheza mpira, waigizaji, na warembo fulani ambao hakuna aliyejua wanafanya kazi gani. Wapiga picha walishinda pale nje, wameegemea ukuta, wakingoja gari lenye vioo vyeusi litokeze kwenye foleni. Kamera za siku hizo zilikula filamu. Ukiweka filamu mpya, kile kipande cha mwanzo kinakuwa kimeshaona mwanga wakati unahangaika kukipachika, kwa hiyo unafunga mfuniko, unavuta, unabofya, unavuta tena, unabofya tena, bure bure tu, mpaka ufike sehemu safi. Bofya hizo za bure hazina mwenyewe. Zinapiga popote kamera ilipoelekea. Na kamera zote zilielekea njia panda, na katikati ya njia panda alikuwa baba, juu ya kijukwaa cha saruji, glovu nyeupe mikononi na filimbi mdomoni. Kwa hiyo kila filamu ilianza na baba. Mastaa walianzia picha ya pili.

Filamu ikitoka kwenye dawa kila kitu kinakuwa kinyume, cheupe kinakuwa cheusi na cheusi kinakuwa cheupe, na ule upande uliounguzwa na mwanga unakuwa mweusi tii. Hivyo ndivyo mama alivyomjua mumewe mtarajiwa. Siku moja nusu ya kulia, siku nyingine nusu ya kushoto. Miezi mitano akimwona kila siku ya kazi, na hata siku moja hakuwahi kumwona mzima.

Siku ya siku, saa ya chakula cha mchana, akavua aproni akatoka nje kwenda kuangalia kama huyo mtu ana nusu ya pili. Akasimama ukingoni mwa barabara. Baba akainua mkono, magari yakasimama, mama akavuka. Sasa kule ng'ambo hakuwa na shughuli yoyote. Akajifanya anatazama lango la hoteli, kisha akarudi ukingoni. Baba akasimamisha magari tena. Alipotaka kuvuka mara ya tatu, baba akatoa filimbi mdomoni.

"Dada, hasa unakwenda wapi?"

"Bado sijajua."

"Basi amua, maana wenye magari wananitukana mimi."

Mimi ni matokeo ya uamuzi huo.

Nataka ieleweke kwamba mama hakuwa mtu wa kubabaishwa na mastaa. Chumba chake kilikuwa na taa moja nyekundu, makarai manne ya dawa, saa ya ukutani yenye mshale mrefu, na kamba ya kuanikia filamu iliyokatiza kutoka mlangoni mpaka kwenye sinki. Kucha zake zilikuwa za kahawia kwa sababu ya dawa, na nguo zake zote zilinuka siki. Watu mji mzima walisukumana pale hotelini wapate kumwona mwimbaji fulani kwa mbali. Mama alikuwa na mwimbaji huyo huyo mikononi, majimaji, mara thelathini na sita. Ila aliwajua kwa kinyume tu. Aliwahi kupanga foleni dukani nyuma ya mwigizaji mkubwa kuliko wote wa wakati ule, akamwambia asogee mbele, anachelewesha watu. Alipoambiwa ni nani, akasema, "Aa, mimi huyo namjua akiwa na meno meusi."

Jina lake la kazini lilikuwa Mama Mkasi. Filamu ikikauka, hukatwa vipande vya picha sita sita, vipande sita vinaingia kwenye karatasi moja ya plastiki yenye mifuko, karatasi inaingia kwenye bahasha, bahasha inaandikwa jina la staa na tarehe. Hesabu inakaa sawasawa. Kinachovuruga ni zile picha za bofya za bure pale mwanzoni, ambazo hazina mfuko wa kukaa. Mama aliziita uchafu. Alikata uchafu kwa mkasi, kwa mstari ulionyooka utadhani ametumia rula, akautupa kwenye pipa la chini ya meza. Wahariri walimsifu. Walisema hakuna gazeti lingine lenye kabati safi kama lao.

Tabia hiyo alikuja nayo mpaka nyumbani. Kalenda yetu ilikatwa pembezoni. Daftari zangu zilikatwa pembe zilizojikunja. Hata ripoti ya shule niliyopata alama mbaya aliinyoosha kwanza kingo zake kwa mkasi ndipo akanigombeza.

Mtu mmoja tu kazini alimshinda, naye ni msafisha picha mwenzake, aliyeitwa Chapuchapu. Huyu alifanya kazi mbio mbio awahi kuondoka. Hakukata kitu. Filamu ikikauka aliiviringisha ilivyo, akaifunga kwa mpira wa nywele, akaitupia kwenye kopo la biskuti, na mama ndiye aliyezitoa baadaye akazikata. Mama aliwahi kumnunia miezi miwili mizima kwa ajili ya mipira hiyo ya nywele. Wakafanya kazi bega kwa bega gizani bila kusalimiana.

Baba alifariki nikiwa na miaka tisa. Kilikuwa kifua. Miaka kumi na minne alisimama katikati ya moshi wa magari, na kila jioni akipenga kamasi kitambaa kilikuwa cheusi. Nilichobaki nacho mimi ni glovu zake. Alizifua mwenyewe kila siku akirudi, kwa sabuni ya mche, akazianika kwenye waya wa dirishani, vidole chini, zikidondosha maji sakafuni. Glovu nazikumbuka mpaka mshono wa kidole gumba. Uso wake nilikuwa nauazima kwenye picha.

Na nilikuwa na hadithi yake moja aliyoirudia kila siku yangu ya kuzaliwa. Siku niliyozaliwa, alisema, hospitali ilipiga simu pale gazetini, na mpokezi akafungua dirisha la ghorofa ya kwanza akapiga kelele, "Ni msichana! Wote wazima!" Baba akainua mikono yote miwili akasimamisha magari ya pande zote nne. Dakika nzima. Hakuna aliyekwenda. Njia panda nzima ikawa tupu, yeye katikati.

"Pande zote nne?" mama alikuwa akimuuliza kila mwaka, kijiko mkononi.

"Zote nne, mke wangu."

"Na hakuna dereva aliyepiga honi?"

"Hata mmoja."

"Mwanangu, baba yako anatia chumvi," mama alikuwa akiniambia. "Mji huu? Hakuna wa kuusimamisha dakika nzima."

Baba alicheka tu. Hakuwahi kubishana naye zaidi ya hapo.

Mwaka jana mvua ilifurika mpaka ndani ya nyumba ya mama. Sanduku la picha lilikuwa chini ya kitanda. Mimi nilikuja asubuhi na ndoo na fagio, nikamkuta amekaa kwenye kiti, miguu ndani ya maji, ameshika albamu iliyoshikamana ikawa tofali. Hakutaka nimsaidie. Alitafuta mabeseni manne akayapanga mstari, akajaza maji safi, akaziloweka picha moja moja azibandue taratibu, alivyojua yeye. Karatasi zilibanduka. Nyuso zilibaki majini. Niliiona picha ya harusi yao ikiyeyuka, ikawa rangi rangi tu kwenye beseni la bluu, na mama akaendelea kuipungia maji kwa vidole.

Kilichobaki ni kitambulisho cha kazi cha baba, kina muhuri katikati ya mdomo.

Miezi ikapita. Siku moja tukiwa tunachambua mboga, bila kuniangalia, akasema, "Sauti yake ninayo. Mkono ninao. Uso unaniponyoka, mwanangu. Nikifumba macho namwona, halafu sina hakika kama ni yeye au ni mimi nimetunga."

Nilimwambia ni uzee, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Halafu wiki ile mtunza picha wa gazeti akampigia simu, mwanamke mmoja mwenye miwani ya mnyororo, aliyeanza kazi mama akiwa anakaribia kustaafu. Gazeti linahama. Jengo jipya halina nafasi ya makabati, na filamu zote za zamani zitachukuliwa na lori Ijumaa saa saba mchana zikateketezwe. Kama Mama Mkasi anataka kuja kuziaga, aje.

Mama hakutaka kuziaga. Alitaka kumtafuta mumewe. "Yumo," aliniambia, macho yakimng'aa. "Kila filamu inaanza na yeye! Maelfu! Nitachukua moja tu."

Jumatatu nilikuwa na kazi. Jumanne vilevile. Najua nilivyo. Tuliondoka Ijumaa asubuhi, na mji ukatukaba. Kutoka kwa mama mpaka mjini ni mwendo wa nusu saa. Saa nne na nusu bado tulikuwa kwenye foleni, chini ya bango la msichana anayetangaza losheni, gari la mbele likisogea kwa hatua ya mtoto. Nilipiga honi. Nilitukana. Mama alikaa wima, mkoba mapajani, anahesabu dakika kwenye saa yake ya mkononi.

Tulipofika kwenye njia panda yenyewe, taa zilikuwa nyekundu kwa kila mtu na watu walipita hivyo hivyo. Kijukwaa cha saruji hakipo, kuna nguzo yenye kamera. Nje ya hoteli kulikuwa na msongamano, simu zimeinuliwa juu ya vichwa, na gari jeupe refu linapenya katikati.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Staa."

"Wa nini?"

"Wa kwenye simu, Mama."

"Hata mpiga picha mmoja hayupo," akasema, "kila mtu anajipiga mwenyewe." Kisha akatazama pale kwenye nguzo mpaka tukaipita.

Saa tano na robo tulikuwa chumba cha chini cha gazeti. Makabati ya chuma ukuta hadi ukuta, meza yenye kioo na taa chini yake, na mtunza picha akamkumbatia mama kwa nguvu mpaka miwani ikanasa kwenye mtandio. Mama hakupoteza muda. Alifungua kabati la mwaka aliokutana na baba, akatoa bahasha ya kwanza, akalaza karatasi ya plastiki juu ya mwanga. Akainama na kioo cha kukuzia.

Mwimbaji. Mwimbaji. Mwimbaji anashuka. Mwimbaji anapunga mkono.

Akarudisha, akatoa nyingine. Mcheza mpira. Nyingine, harusi ya mwigizaji. Nyingine. Mimi nilimpokeza, mtunza picha akarudisha. Bahasha ishirini, bahasha arobaini. Vipande vyote vilikuwa safi, vimepangwa sita sita, na kila filamu ilianza na staa.

Mama akapunguza kasi. Akachukua kipande kimoja akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mwanzo, pale palipokatwa kwa mstari mnyoofu.

"Vipi?" nikasema. "Nani kakata?"

Akanigeukia. "Unadhani nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Na nitasema kweli, nilikasirika. Nilimkasirikia mama yangu mwenye miaka sabini na mbili kwa sababu ya usafi wake, kalenda zake, kingo zake, ule mkasi. Miaka yote ile alikuwa na mume wake mkononi kila siku, mara mbili, mara tatu kwa siku, na akamtupa kwenye pipa.

"Kila siku nilimrudia nyumbani, mzima," akasema polepole. "Nilijua ninaye. Ningeweka cha nini kipande kilichoungua?" Akakaa kwenye kiti cha mtunza picha, akaanza kulia, si kwa sauti, mabega tu. Hasira yangu ikaisha palepale, nikapiga magoti kando yake. Sikuwa nimemwona akilia tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Mtunza picha alikuwa amesimama na bahasha mkononi, anafikiri. "Mama Mkasi," akasema, "hukuwahi kuchukua likizo?"

"Likizo ya wapi? Mimi?"

"Hata ya uzazi?"

Mama akanyanyua uso. Akanitazama mimi, kwa namna ya kunipima, utadhani ndiyo kwanza nimezaliwa.

"Miezi miwili," akasema. "Chapuchapu alibaki peke yake miezi miwili."

"Zake ziko wapi?"

"Nilikataa zisiingie kwenye kabati langu." Aliziba mdomo kwa mkono. "Niliporudi nikasema uchafu ule hautakaa na kazi yangu."

Tulizikuta saa sita na nusu, juu ya kabati la mwisho, nyuma ya feni mbovu: makopo matatu ya biskuti yaliyoshika kutu. Nje lori lilikuwa limeshafika na wanaume walikuwa wanashuka ngazi wakibeba mikokoteni. Mama akafungua kopo la kwanza. Mipira ya nywele ilikuwa imekauka ikakatika ilipoguswa tu, na filamu zikajikunjua zenyewe, ndefu, na mikia yake na vichwa vyake vyote.

"Mungu akubariki, mvivu wewe," mama akasema.

Kila filamu ilikuwa na kipande cha utepe wa gundi chenye tarehe kwa kalamu ya wino. Nilizisoma kwa sauti, naye akawa anatingisha kichwa, siyo, siyo, mpaka nikasoma tarehe ambayo naijua vizuri kuliko zote, maana ndiyo naandika kwenye kila fomu. Mama akaipokea, akalaza kichwa cha filamu juu ya kioo, akainama.

Wabeba mizigo waliingia, mtunza picha akawaonyesha waanze na kabati la mbali.

"Mama?"

"Pande zote nne," akasema. "Loo. Pande zote nne."

Alinipa kioo. Mimi kusoma kinyume siwezi. Niliona mtu mweusi-mweupe na doa kubwa jeusi ubavuni. Mtunza picha akachukua simu yake, akapiga picha juu ya kioo, akabonyeza kitu, rangi zikageuka. Akanionyesha.

Upande wa kushoto wote ulikuwa mwanga mtupu. Ulipoishia mwanga, ndipo alipokuwa baba. Mikono yote miwili juu, glovu nyeupe, filimbi inaning'inia kifuani. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu, lami tupu, na mbali magari yamesimama na madereva wametoa vichwa madirishani. Wengine walikuwa wanapiga makofi. Na baba alikuwa amegeuza uso juu, kuelekea dirisha la ghorofa ya kwanza, anacheka mpaka jino la pembeni lililokatika linaonekana. Sikuwahi kujua lilikuwa limekatika.

"Jino lile," mama akasema. "Nililisahau lile jino." Aliigusa skrini, kisha akaiacha, akarudi kwenye filamu yenyewe. Hakuhitaji igeuzwe. Hivyo ndivyo alivyomjua, uso mweupe na shati jeusi, na sasa alimtazama hivyo hivyo, pua karibu iguse kioo, akitabasamu huku machozi yakidondoka kwenye meza.

Mtunza picha akavuta droo. Alikuwa mtu wa kazi, naye alifundishwa na Mama Mkasi mwenyewe. Alitoa mkasi, akaupangusa kwenye sketi yake.

"Nikunyooshee," akasema kwa upole. "Niondoe hii sehemu iliyoungua, na hawa mastaa wa nyuma, abaki yeye tu, safi."

Mama akaifunika filamu kwa viganja vyote viwili.

"Usikate," akasema. "Niachie na uchafu wake."